Aliyelia Chini ya Mfuniko

Redieta ya jikoni, chuma cha kupashia nyumba joto, ilianza kulia Alhamisi jioni, Samiha akiwa anakanda unga.

Redieta zote hulia. Chuma kikipata moto hugonga, hewa ikinasa kwenye bomba hukoroma, na mke wa fundi wa mitambo ya joto huzizoea sauti hizo hata asizisikie tena. Lakini hii ilikuwa nyembamba, ya kukatikakatika, kama ya kitu kinachoomba. Samiha akajipangusa unga, akainama kwa tabu maana mimba yake ilikuwa imeingia mwezi wa saba, akatega sikio.

"Jubran! Njoo usikie. Paka kaingia humu ndani?"

Jubran Musleh alikuwa mlangoni akivua buti zilizoganda theluji. Aliposikia neno paka, vidole vyake vikakwama kwenye kamba.

"Hewa tu hiyo," akasema. "Naitoa sasa hivi."

Akachukua kifunguo chake kidogo cha shaba, akapiga goti, akalegeza skurubu iliyo ubavuni mwa redieta. Kwa kawaida hapo hutoka pumzi, kisha matone ya maji, na kazi imekwisha. Safari hii haikutoka pumzi wala maji. Ilitoka harufu; ile harufu ya kuku aliyechovywa kwenye maji yanayochemka ili anyonyolewe.

Samiha akaziba pua. "Hewa gani inayonuka hivi?"

"Bomba limezeeka," Jubran akasema, akakaza skurubu. Hakumtazama mkewe usoni. Harufu ile aliijua. Alikuwa ametoka nayo Jumatatu kwenye nyumba ya Bi Wanda, na tangu siku hiyo alikuwa ameoga mara nne kwa sabuni ya kuondolea grisi.

*

Bi Wanda alikuwa mjane wa Kipolandi, mmoja wa wachache waliobaki mji wa Hamtramck, Michigan, baada ya watoto wao kuhama na Wayemeni na Wabangladeshi kununua nyumba zao. Boila lake, mtambo wa kuchemshia maji ya redieta uliokaa chumba cha chini ya nyumba, lilikuwa dude la chuma la enzi za makaa ya mawe, limepasuka tumboni, na Jubran na mwenzake Kaz walikuwa wamekuja kulitoa na kufunga jipya. Nje baridi ilikuwa ya kukata masikio. Ajuza mwenyewe alikaa juu, amejifunika mablanketi matatu, na kila baada ya muda aligonga sakafu kwa fimbo: "Bado tu?"

Kaz alikuwa na miaka sitini na minne, na ndiye aliyemfundisha Jubran kazi. Siku ya kwanza kabisa alimwambia: maji ya boila hayamwagwi yakiwa moto. Unazima, unakunywa kahawa, unasimulia uongo wako wote, unasubiri yapoe. Na mama yake Jubran, kule Ibb, Yemeni, alikuwa amemwambia hayohayo kwa njia yake kabla hajajua kuandika jina lake: maji ya moto humwagi ardhini mpaka utaje jina la Mungu kwa sauti, halafu usubiri kidogo, wasioonekana wapate kupisha.

Jumatatu ile Jubran hakusubiri. Kaz alikuwa nje akishusha boila jipya garini. Mshale wa geji ulikuwa bado juu kwenye alama nyekundu. Jubran alitaka kumaliza mapema arudi nyumbani. Hapakuwa na sababu nyingine. Akafunga mpira kwenye koki ya chini, akauelekeza kwenye shimo la maji machafu lililokuwa pembeni, shimo la kizamani la matofali lenye mfuniko wa chuma wenye matundu. Akaishika koki.

Hapo ndipo alipomsikia. Chini ya mfuniko kitu kilikuwa kinalia, sauti changa, ya kiumbe aliyeachwa kidogo tu na mama yake akaogopa giza. Kitoto cha paka, Jubran akawaza. Ilikuwa kazi ya dakika moja kuuinua mfuniko ule na kukitoa. Aliwaza hivyo kabisa, neno kwa neno. Kisha akafungua koki.

Kilio kilipanda mara moja. Mvuke ukafumka mpaka darini. Baada ya hapo palikuwa na sauti ya maji peke yake, na ile harufu.

Kaz akashuka ngazi akihema. "Nani alikuwa analia huku?"

"Bomba," Jubran akasema.

*

Ijumaa walikuwa garini wakielekea kazini, Kaz anakula donati la jamu, sukari imemjaa kwenye sharubu.

"We Jubran, umeanza kufuga paka humu?"

"Paka wa nini? Sina paka."

"Basi nimezeeka rasmi. Kuna kitu kinalia huko nyuma kwenye mabomba tangu tuondoke ofisini." Akatafuna, kisha akaacha kutafuna. "Hata kwa yule ajuza nilisikia, nikiwa juu ya ngazi. Ulifunua ukaangalia?"

"Niliangalia."

"Hamna kitu?"

"Hamna kitu."

Kaz akamtazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika. "Haya," akasema, akajipangusa. "Wewe ndiye uliyekuwa chini."

Siku hiyo kila redieta aliyoigusa Jubran ilipoa. Kaz akiigusa, moto unarudi. Mwanzoni wakacheka. "Nenda kamwombe mkeo akupashe," Kaz akamtania, "mikono imekuwa ya maiti." Ilipofika nyumba ya tatu hakuna aliyecheka, na Kaz akamwambia akae garini apumzike.

Jumamosi asubuhi Samiha alimwita kutoka ukumbini kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetaka kuamsha mgonjwa. Kwenye sakafu ya mbao palikuwa na nyayo mbichi. Zilikuwa za mwanamke, peku, nyembamba, na kila wayo ulikuwa bado unafuka mvuke mwembamba. Zilianza kwenye mlango wa chumba cha chini ya nyumba, pale kwenye tundu la maji na boila lao, zikapanda ngazi, zikaenda mpaka redieta ya ukumbini na hapo nyayo mbili zikasimama pamoja. Zikaenda redieta ya jikoni zikasimama. Zikaenda ya chumba cha kulala, upande wa kitanda anakolala Jubran, zikasimama hapo muda mrefu, kwa maana mbao zilikuwa zimevimba. Mwenye nyayo alikwenda kama mtu anayepita nyumba hadi nyumba akiulizia aliyempotea.

"Si zangu," Samiha akanong'ona. "Jubran, tazama miguu yangu. Mimi nimevimba. Si zangu."

Jubran alichukua tambara akazifuta zote. Maji yalimchoma vidole.

"Unajua ni nini?" Samiha akamuuliza.

"Sijui."

Ulikuwa uongo wa nne kwa wiki moja, na kila mmoja ulikuwa umetoka kwa urahisi kuliko uliotangulia.

*

Jumapili, baada ya adhuhuri, Jubran alirudi kutoka msikitini, jua likiwaka juu ya theluji mpaka macho yanauma, akakuta nyumba iko kimya, sufuria ya mchuzi imekaukia jikoni, redieta zote zikiwa baridi kama mawe, na kutoka bafuni maji yanachirizika, akaita mara mbili bila kujibiwa, akausukuma mlango, mvuke ukampiga usoni pamoja na harufu ile ya kuku, na alipoupepea kwa mkono akamwona mkewe amekaa ndani ya beseni la kuogea na nguo zake zote, mtandio kichwani, miguu imenyooshwa ndani ya maji yaliyokuwa yakifuka, ngozi ya mapaja ikiwa nyekundu kama nyanya, na uso wake umetulia kabisa, umetulia kuliko alivyowahi kuuona, ukiyatazama maji yanayoingia kama mtu anayesoma barua.

Samiha akageuza kichwa. Sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mtu mzima, yenye lafudhi ya zamani, ya kijijini, ambayo Samiha aliyezaliwa papa hapa Michigan hakuwahi kuwa nayo.

"Fundi," akasema. "Yalikuwa moto kiasi hiki, au zaidi?"

Jubran alimtoa kwa nguvu, akaanguka naye sakafuni, akamkumbatia, akalia. Mikononi mwake Samiha akaanza kutetemeka na kuuliza kwa sauti yake mwenyewe kwa nini miguu inamuuma.

Hospitali wakasema mtoto tumboni yuko salama, na majeraha ni ya juu juu. Muuguzi alimuuliza Samiha mara tatu, Jubran akiwa ametolewa nje, kama ni mumewe aliyemfanyia vile.

*

Mama yake Samiha, Hajjati Ghaliya, alikaa mitaa miwili kutoka hapo. Alikuja na mkoba wake wa nguo bila kuitwa mara ya pili. Alinusa ukumbi, akaingia chumba cha kulala, akainama akaupapasa ubao uliovimba kando ya kitanda, kisha akamvuta mkwewe jikoni.

"Umemwaga wapi maji ya moto?"

"Mama, mimi ni fundi wa boila. Maji ya moto namwaga kila siku."

"Usinizungushe, mwanangu. Nimeuliza wapi."

Jubran akatazama chini. "Kwa Bi Wanda. Kwenye shimo. Nilisahau kupiga bismillahi."

Alisema hivyo na papo hapo akahisi wepesi, kama mtu aliyetua mzigo, ilhali alikuwa ametua nusu yake tu na nusu nyingine kaificha nyuma ya mgongo. Hajjati akamshika bega.

"Kusahau ni ubinadamu. Basi usijitese. Kesho nitamwita Shekhe Abdulwasi."

Huruma yake ndiyo iliyomchoma zaidi.

Shekhe Abdulwasi alishona viti vya magari kiwandani na kuwasomea wagonjwa Kurani baada ya zamu. Alikuja Jumatatu saa tisa alasiri, bado amevaa koti la kazi, na chupa ya maji yaliyolowekwa majani ya mkunazi. Alikuwa mtu mpole, mwenye kikohozi. Alimlaza Samiha kwenye godoro sebuleni, Hajjati akamshika mikono, Jubran akaambiwa akae miguuni.

Akasoma. Alisoma kwa muda mrefu na pasitokee kitu, mpaka Hajjati akaanza kusinzia. Halafu redieta ya sebuleni ikagonga mara moja, Samiha akafumbua macho, na yule mwingine akasema kwa utulivu:

"Usinipigie kelele, shekhe. Mimi si mwasi. Nami nina kitabu."

Shekhe akaacha kusoma. Jasho lilimtoka ingawa chumba kilikuwa baridi. "Kama una kitabu, kwa nini umeingia kwenye mwili wa mja asiyekukosea?"

"Kwa sababu mimba yake ndiyo iliyo karibu na jambo langu." Akameza mate, kama mtu anayejizuia asilie mbele ya wageni. "Nimekaa shimo lile tangu walipokuwa wakichoma makaa. Sijamgusa mtu. Yule bibi nilimkuta msichana. Siku ile nilitoka kidogo tu kumtafutia mwanangu chakula. Nimerudi nikamwokota, ngozi ikabaki mikononi mwangu."

Hajjati Ghaliya akaanza kulia kimyakimya.

"Ni msiba mkubwa," shekhe akasema, naye sauti yake ilikuwa imebadilika. "Lakini huyu hakujua. Sisi hatuwaoni nyinyi."

"Sijasema kuona. Nasema kusikia. Mwanangu alikuwa na sauti." Macho ya Samiha yakamgeukia Jubran. "Nimemfuata siku saba nikiiacha sauti ile imlilie popote aendapo, nione kama ataijua. Sikuweza kumsoma. Anafunga uso kama mnavyofunga mabomba yenu. Basi namuuliza mbele yenu. Kabla hujafungua, fundi, ulimsikia au hukumsikia? Kama hukumsikia, ni ajali, na mimi nimewaonea. Nitaondoka saa hii. Kama ulimsikia, nina haki yangu." Akauweka mkono wa Samiha taratibu juu ya tumbo la Samiha. "Na haki yangu iko hapa."

Shekhe akamwinamia Jubran. "Mwambie ukweli aondoke, ndugu yangu. Mwambie hukumsikia."

Hajjati, machozi usoni, alikuwa anatikisa kichwa kumhimiza. Hakuna hata mmoja mle chumbani aliyewaza kwamba kulikuwa na jibu lingine. Jubran alitazama mkono ule juu ya tumbo, vidole vikiwa vimetulia bila kubana, bila kutisha, vimetulia tu kama vya mama anayempapasa mtoto aliyelala, na akaona kitambaa cha gauni kinainuka kidogo, mtoto wake anapiga teke kutoka ndani, na vidole vile navyo vikalisikia teke lile na vikasita, na alijua kwamba akisema neno moja vidole vitafunga, na akisema neno lingine vitafunguka.

"Sikumsikia," akasema.

"Apa."

"Wallahi, sikumsikia."

Nje watoto walikuwa wakirushiana theluji, wanacheka. Yule mwanamke alimtazama Jubran mpaka Jubran akahisi mifupa ya uso wake inauma, kisha kitu kikalegea ndani ya macho yale. Mkono ukaondoka tumboni.

"Basi nimekuonea," akasema. "Nimeiunguza miguu ya mkeo, nimeichafua nyumba yako, na wewe huna kosa. Uchungu ulinipofusha. Nisamehe, fundi."

Jubran akaiinamishia macho miguu ya Samiha iliyoungua.

"Msamehe," shekhe akamnong'oneza. "Msamehe aende."

"Nimekusamehe," Jubran akasema.

Redieta zilipumua moja baada ya nyingine, ya sebuleni, ya ukumbini, ya jikoni, na huko chini mfuniko wa tundu la maji ukainuka, ukalala. Joto likarudi nyumbani. Samiha akaomba maji ya kunywa. Hajjati akambusu Jubran kwenye paji la uso mbele ya shekhe, akamwita mwanamume mkweli.

*

Mtoto alizaliwa Machi, msichana, mzima, mwenye nywele nyingi. Wakamwita Taqiyya. Kaz alileta kofia ndogo ya sufu aliyoifuma mwenyewe, akatisha watu kwamba atakayecheka atamfumia na yeye.

Kila kitu kilikuwa sawa, na Jubran alikonda. Kazini alisubiri boila zipoe mpaka wateja wakalalamika. Aliinua kila mfuniko, akamulika tochi, akaita kwa sauti ya chini. Nyumbani kulikuwa na jambo moja tu asiloweza. Samiha akimtayarishia beseni la kumwogesha mtoto, Jubran hutia kiwiko, huona maji ni vuguvugu, ni salama kabisa, hata hivyo mkono wake unakataa kuyachota. Kila siku akapata udhuru: simu, mgongo, taka za kutoa.

Siku ya arobaini Samiha alimkuta amepiga magoti mbele ya beseni, mtoto begani, analia bila sauti.

"Leo utaniambia," akasema. "Nipe mimi mtoto kwanza. Haya, sema."

Akamwambia. Hakujitetea kwa Bi Wanda kukaa kwenye baridi, wala kwa kudhani ni paka. Alisema: nilimsikia, nikawaza nimtoe, nikafungua.

Samiha alimfunga mtoto taulo taratibu, akarudia kulifunga ingawa lilikuwa limeshafungwa.

"Kwa hiyo yule mama alituomba radhi."

"Ndiyo."

"Na wewe ukamsamehe." Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Ukamsamehe, Jubran!"

"Nilikuwa nawapoteza. Ungekuwa wewe..."

"Ningekuwa mimi ningeapa mara mbili. Sikulaumu kwa hilo." Akamkumbatia mtoto. "Lakini nyinyi mlimsikia akiongea tu. Mimi nilikuwa naye. Unajua anafanya nini huko aliko? Anajilaumu. Amefiwa, na bado anajiona yeye ndiye mkosaji kwa sababu alitugusa. Siwezi kumnyonyesha huyu huku najua hilo. Mwite umwambie."

"Akirudi kudai?"

"Adai kwa aliyemkosea. Huyu nampeleka kwa mama. Mimi nitarudi nisimame na wewe."

"Samiha, usirudi."

"Nitarudi."

Ilikuwa saa sita mchana, Mei, madirisha yote wazi, jirani anakata majani. Samiha alirudi mikono mitupu, akasimama juu ya ngazi za chumba cha chini. Jubran akashuka. Boila lilikuwa limezimwa kwa msimu, baridi, kimya. Akainua mfuniko wa tundu, akauweka kando, akapiga bismillahi kwa sauti.

"Nilimsikia," akasema.

Maji meusi mle ndani hayakutikisika.

"Wallahi nilimsikia. Nilikudanganya."

Akangoja. Mashine ya jirani ilizimika. Ndege nao wakanyamaza, na ubaridi ukapanda kutoka tunduni, ukampita miguuni, ukaelekea ngazini. Kisha ubao wa ngazi ya tatu ukalia, taratibu, kama unavyolia mtu aliyechoka anapouketia.

"Jubran," Samiha akanong'ona kutoka juu, hasogei. "Yuko hapa. Katikati yetu."

"Napaona alipokaa. Unyevu unaenea." Akainua kiganja. "Usishuke."

Aliyekaa alikuwa anasubiri. Jubran akaketi kwenye saruji mbele ya ngazi, kichwa kikiwa chini kuliko ngazi ile, akaanza kueleza tangu Jumatatu asubuhi, bila kuruka kitu: baridi, fimbo ya ajuza, mshale kwenye alama nyekundu, mpira, kilio. Alieleza hata lile wazo la dakika moja. Na alipofika pale mkono wake ulipoigeuza koki, ubao ukalia tena, na aliyekuwa ameketi akasimama, na unyevu ukaanza kushuka ngazi kumwelekea Jubran, mbali na Samiha.